Aβ42: bachi moja inaua nyuroni, nyingine haifanyi kitu

PetriNaPipeti

Habari wakuu,

Tunachunguza namna oligoma (vikundi vidogo vya molekuli zilizoshikana) za amiloidi-beta 42 (Aβ42), peptidi ya ugonjwa wa Alzheimer, zinavyoharibu nyuroni, na matokeo hayatulii. Utaratibu tunaotumia: peptidi ya unga inayeyushwa moja kwa moja kwenye kiyeyushi cha DMSO, inazimuliwa kwa PBS (bafa ya fosfati yenye chumvi) hadi µM 100, inalazwa kwenye 37°C usiku kucha, kisha inawekwa kwenye nyuroni za gamba la ubongo za vijusi vya panya zilizofikisha siku 7 kwenye sahani. Mkolezo wa mwisho ni µM 10, saa 24, halafu tunapima uhai wa seli kwa MTT, ambayo seli hai huigeuza kuwa rangi ya zambarau, fomazani.

Bachi ya kwanza ya peptidi ilishusha MTT hadi karibu asilimia 60 ya kontroli. Bachi ya pili, ya muuzaji yuleyule na yenye cheti cha usafi wa zaidi ya asilimia 95, haishushi chochote. Western ya zote mbili (protini hutenganishwa kwa ukubwa kwenye jeli, kisha hutambuliwa kwa kingamwili, hapa 6E10) inaonesha mistari ileile: monoma (molekuli moja moja) chini, juu yake trima na tetrama (tatu na nne zilizoshikana). Yaani oligoma zipo kotekote, ila za bachi moja zinaua na za nyingine haziui.

Tatizo ni peptidi, ni seli, au ni namna ya kuandaa? Na kuna njia ya kujua kilichomo kichupani kabla ya kutumia sahani nzima ya nyuroni?

---

Kisima96

Anza na kichupa, seli zitasubiri. PBS, 37°C, µM 100, usiku kucha: hayo ni mazingira ya kutengeneza nyuzi. Kufikia asubuhi sehemu kubwa ya Aβ42 imeshajipanga kuwa nyuzi ndefu, na oligoma unazozitafuta ni sehemu ndogo iliyobaki katikati yake, sehemu ambayo hubadilika kila mara.

Halafu kuna unga wenyewe. Usafi wa asilimia 95 kwenye cheti unahusu kemia ya mnyororo, hausemi lolote kuhusu hali ya mkusanyiko. Peptidi ikikaushwa kiwandani, baadhi ya molekuli hushikana humohumo kwenye unga. Vijipande hivyo ni mbegu. Uso wa uzi wa Aβ42 uliokwisha kuundwa huchochea oligoma mpya zizaliwe juu yake, kwa hiyo mbegu kidogo tu inatosha kubadilisha mwendo mzima. DMSO peke yake haivunji mbegu zote. Bachi mbili zenye mbegu tofauti zitakupa vitu viwili tofauti hata ukifuata hatua zilezile kwa usahihi.

Dawa ya kawaida ni kuirudisha peptidi iwe monoma kwa kiyeyushi kikali cha HFIP kwanza:

Acha chupa ya unga ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo unyevu wa hewa utatona juu ya unga. Uzito wa molekuli ya Aβ42 ni 4514, kwa hiyo mg 1 ya peptidi halisi kwenye mikrolita 221 za HFIP inatoa mM 1. Nasema peptidi halisi kwa sababu unga una chumvi ya TFA na maji ndani yake. Tafuta kwenye cheti kiwango cha peptidi, ambacho ni tofauti na usafi, ukipigie hesabu. Bachi mbili zinaweza kutofautiana hapo tu ukadhani ni sumu imepungua. Acha HFIP ifanye kazi kwa dakika 30 hadi 60 joto la chumba, kichupa kimefungwa. Gawa mikrolita 10 kwa kila kichupa cha polipropilini kisichoshika protini, viache wazi usiku kucha ndani ya kabati la kufyonza mvuke, kisha vimalizie saa 1 kwenye sentrifuji ya ombwe bila kupasha moto. Kinachobaki ni utando mwembamba unaong'aa chini ya kichupa. Ukiona kitu cheupe kama chaki, haikuyeyuka vizuri. Bachi hiyo irudie. Hifadhi kwenye -20°C pamoja na kikausha unyevu.

HFIP huchoma macho na njia ya hewa na huvukiza haraka sana. Glavu, miwani, ndani ya kabati muda wote.

Siku ya kazi: kila kichupa kina nanomoli 10. Ongeza mikrolita 2 za DMSO kavu kabisa, osha kuta za kichupa kwa ncha ya pipeti, tumbukiza kwenye soniketa ya maji dakika 10. Hapo una mM 5. DMSO iliyofunguliwa miezi kadhaa iliyopita imeshanyonya maji hewani, na maji hayo yanatosha kuanzisha mkusanyiko kabla hujataka. Nunua ampuli ndogo. Ongeza mikrolita 98 za midia ya F12 isiyo na rangi ya fenoli, ikiwa baridi ya barafu, tikisa sekunde 15, weka kwenye 4°C kwa saa 24. Hizo ni oligoma za µM 100. Ukitaka nyuzi kutoka kwenye utando uleule, badala ya F12 tumia asidi ya HCl ya mM 10 na 37°C kwa saa 24. Kabla ya kutumia oligoma, zungusha g 14,000 kwa dakika 10 kwenye 4°C na uchukue maji ya juu tu. Pima mkolezo upya baada ya hapo, maana chochote kilichokaa chini kimepungua juu.

---

HadubiniE

Nakubaliana na Kisima96. Naongeza kuhusu western, maana ndiyo iliyokupa uhakika usiostahili.

Mistari ya trima na tetrama ya Aβ42 kwenye jeli ya SDS (sabuni inayotumika kwenye western) hutokea hata ukiweka monoma safi kabisa. SDS yenyewe huisukuma Aβ42 kujikusanya ndani ya jeli, na wakati huohuo huvunja oligoma dhaifu zilizokuwemo kweli. Kwa hiyo bachi zako mbili kuonekana sawa kwenye western hakuthibitishi kwamba zilikuwa sawa kichupani. Ukilazimika kutumia jeli, zishikanishe molekuli kwanza kwa mwanga na rutheni, njia inayoitwa PICUP, ndipo uongeze SDS.

Kukosa tahadhari na mistari ya jeli kumeigharimu taaluma hii. Makala ya Nature ya 2006 kuhusu Aβ*56, oligoma iliyodaiwa kuharibu kumbukumbu, iliyonukuliwa maelfu ya mara, iliondolewa mwaka 2024 kwa sababu ya picha zilizochezewa. Mada yako haiangukii hapo, kwani oligoma zimeripotiwa na maabara nyingi nyingine kwa njia tofauti, lakini mstari mmoja kwenye western usikupeleke mbali.

Njia tatu ambazo zingekujibu swali la pili:

Thioflavini T. Mkolezo µM 10 hadi 20, msisimko nm 440, soma kwenye nm 480. Inang'aa ikishika nyuzi. Oligoma ndogo haizioni vizuri. Tumia udhaifu huo kwa faida yako: maandalizi mazuri ya oligoma yawe na mng'ao wa chini, na ya nyuzi yawe juu sana. Oligoma zikisoma karibu na nyuzi, tupa. Sahani iwe yenye uso usioshika protini, ifunikwe kwa karatasi ya gundi, na usiweke sampuli kwenye visima vya pembeni kabisa kwani huko maji hukauka kwanza na mkolezo hupanda bila wewe kujua.

Hadubini ya elektroni kwa rangi ya yurani. Mikrolita 5 juu ya gridi yenye kaboni, dakika 1, nyonya kwa karatasi, osha kwa maji mara mbili, ndipo rangi ya asilimia 2. Kuosha ni lazima kwa sababu fosfati ya PBS ikikutana na yurani hutoa mashapo, na chembe zake nyeusi za duara hudanganya sana kwa mtu anayetafuta oligoma za duara. Nyuzi utazitambua bila shida: upana wa nm 7 hadi 10, ndefu, mara nyingi zimejipinda pamoja. Piga picha sehemu nyingi za gridi. Kona moja yenye sura nzuri haikuambii chochote.

Kichujio cha ukubwa, yaani safu ya Superdex 75. Hii ndiyo naiamini kuliko zote. Monoma hutoka nyuma, mkusanyiko mkubwa hutoka mwanzoni kabisa pale safu inapoanza. Inakupa uwiano wa monoma na vilivyokusanyika kwa namba, na monoma uliyoikusanya hapo hapo ndiyo kontroli bora utakayopata. Iweke kwenye barafu na uitumie ndani ya saa chache.

Kingamwili za umbo (zinazotambua sura ya mkusanyiko) kama A11 na OC kwenye tone la membreni ni za haraka, zinafaa kama ukaguzi wa kila bachi, lakini sizitegemei peke yake.

---

NyuroniMbivu

Wenzangu wamemaliza kichupa. Upande wa seli kuna mambo mawili yanayoweza kueleza matokeo yako hata kama peptidi ingekuwa sawasawa.

La kwanza ni MTT. Tangu 1997 inajulikana kwamba Aβ huharakisha seli kutoa fomazani nje, na kipimo hushuka ilhali seli iko hai. Angalia sahani kwa hadubini ya kawaida dakika 30 baada ya kuongeza MTT: kwenye kontroli rangi huwa chembechembe ndani ya mwili wa seli, kwenye visima vya Aβ utaona sindano za zambarau zimechomoza juu ya uso wa seli kama miiba ya nungunungu. Ukiona sindano hizo, asilimia 60 yako inaweza isiwe na kifo hata kimoja ndani yake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kwa nini bachi ya pili haiui, thibitisha kwamba ya kwanza iliua. Pima LDH (kimeng'enya kinachovuja seli ikipasuka) kwenye midia, ukiweka kisima chenye Triton X-100 (sabuni inayopasua seli zote) kama asilimia 100, na uhesabu viini vya NeuN (alama ya nyuroni) visivyokunjamana kwa rangi ya Hoechst. Vipimo viwili vinavyotegemea mambo tofauti vikikubaliana, endelea.

La pili ni umri. Siku 7 nyuroni za panya bado ni changa. Oligoma hupenda kushika kwenye sinapsi za glutamati, na vipokezi vya NMDA vinavyobeba sehemu kubwa ya madhara bado havijafika kiwango chake. Tau, protini ya ndani ya nyuroni, nayo bado ni ya kichanga, aina ya marudio matatu kwa wingi. Hilo lina uzito, kwa sababu nyuroni za panya wasio na jeni la tau hustahimili Aβ, jambo lililooneshwa mwaka 2002. Zisubiri hadi siku 18 au 21. Badilisha nusu tu ya midia kila mara, na visima vya pembeni vijaze maji tupu.

Angalia pia B27, kirutubisho cha midia ya nyuroni. Ina albumini inayoishika Aβ, na ina vitamini E, katalasi na vimeng'enya vingine vinavyofuta oksijeni yenye madhara. Lipo toleo lisilo na vizuia-oksidisho. Litumie saa chache kabla na wakati wa kuweka Aβ, si kuanzia siku ya kupanda, maana nyuroni zitakufa zenyewe.

Na kama swali lako ni sinapsi, kwa nini unapima kifo? Oligoma huharibu sinapsi mapema kuliko zinavyoua seli, na kwa mkolezo mdogo zaidi. Weka nM 200 hadi 500, saa 24, kisha hesabu nukta za PSD-95 zinazokutana na sinaptofizini (protini za pande mbili za sinapsi) kwenye dendraiti za daraja la pili. Anayehesabu asijue kisima kipi ni kipi. N yako ni idadi ya maandalizi ya nyuroni kutoka mimba tofauti. Visima sita vya sahani moja ni N ya 1, hata takwimu ikitoa p nzuri kiasi gani.

Kontroli zinazotosha: kiyeyushi kilichopitia hatua zote pamoja na utando wa HFIP mtupu, monoma mbichi kutoka kwenye safu, na oligoma zilezile baada ya kuondolewa kwa kingamwili na shanga. Ikiwa athari inabaki baada ya Aβ kuondolewa, haikuwa ya Aβ. Peptidi iliyovurugwa mpangilio ni nzuri kuwa nayo, lakini hujikusanya kwa namna yake, hivyo haimalizi hoja.

---

ChembeHai_K

Ningependa kupinga kidogo, na si utaratibu wa Kisima96 ninaoupinga, ni uzito tunaoupa.

Kwenye maji ya uti wa mgongo Aβ42 ni mamia ya pikogramu kwa mililita, yaani chini ya nM 1. µM 10 ni zaidi ya hapo makumi ya maelfu ya mara. Jirani na bandiko la amiloidi mkolezo ni mkubwa zaidi, kweli, lakini bado tunaziogesha seli. Seli za 7PA2, zile za CHO (ovari ya hamsta) zenye APP, protini mama ya Aβ, iliyobadilishwa V717F, hutoa oligoma zenyewe kwenye midia, na mwaka 2002 ilioneshwa kuwa hizo huzuia uimarikaji wa sinapsi za hipokampasi kwa kiwango cha chini sana. Mwaka 2008 ikaja kazi ya dima (molekuli mbili za Aβ zilizoshikana) zilizotolewa kwenye ubongo wa wagonjwa. Kwa swali la sinapsi, naona hizo zinasema zaidi kuliko peptidi ya kutengenezwa.

Tena peptidi ya kutengenezwa ina kasoro ambazo HFIP haiziondoi: minyororo iliyorukwa asidi amino moja, histidini chache zilizogeuka upande, na methionini ya 35 iliyooksidika. Aβ42 iliyotengenezwa na bakteria hujikusanya haraka zaidi na huwa na sumu zaidi kuliko ya kemia. Sehemu ya tofauti ya bachi zako inaweza kuwa hapo. Ukiweza, piga spektrometa ya masi kwa bachi zote mbili; oksijeni moja ya ziada huongeza 16 kwenye uzito na huonekana mara moja.

Lakini ukihamia peptidi ya bakteria, pima endotoksini, sumu ya ukuta wa bakteria. Nyuroni safi hazitajali sana. Utamaduni wenye mikroglia (seli za kinga za ubongo) utawaka kwa endotoksini, na utaandika makala kuhusu uvimbe wa Aβ ambao kumbe ni wa E. coli.

---

Kisima96

@ChembeHai_K Sina ugomvi na 7PA2, ila midia yake ina vipande vingine vya APP na ina mchanganyiko ambao hauujui wote. Hapo ndipo kuondoa Aβ kwa kingamwili kunakuwa lazima, kama alivyosema NyuroniMbivu. Peptidi ya kutengenezwa kwa ajili ya utaratibu, ya asili kwa ajili ya kuthibitisha. Anayeanza na ya asili bila mkono wa kuichunguza hupata kelele tu.

---

PetriNaPipeti

Asanteni sana. Tumeangalia sahani ya MTT ya bachi ya kwanza iliyorudiwa: sindano zipo juu ya seli, na LDH haitofautiani na kontroli. Kwa hiyo "bachi inayoua" haikuwa ikiua. Tunahamia siku 21 na nukta za PSD-95.

Mawili ya nyongeza. Oligoma zikishaiva saa 24, zinadumu muda gani? Na mwenzetu anataka kutumia hatua hizihizi kwa alfa-sinukleini ya Parkinson. Inafaa?

---

HadubiniE

Tumia siku hiyohiyo. Kwenye 4°C hazisimami, zinaendelea kukua polepole kuelekea protofibrili (nyuzi changa). Usizigandishe, kuganda na kuyeyuka huzisukuma zishikane, na thioflavini T itakuonesha. Gandisha utando wa HFIP, andaa upya kila mara.

Kuhusu alfa-sinukleini: hapana. Karibu kila kitu kinageuka.

---

NyuroniMbivu

Naongezea kwa huyo mwenzako. Alfa-sinukleini ni protini ya asidi amino 140, huyeyuka vizuri, HFIP haihitajiki. Anachotaka ni nyuzi zilizokwisha kuundwa, kisha kuzikata. Protini ya mg 5 kwa mililita kwenye bafa yenye chumvi, pH karibu 7.4, 37°C, kutikisa mizunguko 1000 kwa dakika, siku 7. Maji yatageuka kuwa na ukungu. Zungusha kiasi kidogo g 100,000 kwa saa 1 na ulinganishe juu na chini kwenye jeli. Protini nyingi isipokwenda chini, nyuzi hazikuiva.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuziweka kwenye barafu. Nyuzi za alfa-sinukleini huvunjika kwenye baridi ya 4°C na kuachia monoma. Zifanyie kazi kwenye joto la chumba, zihifadhi -80°C kwa mafungu madogo, yeyusha mara moja tu.

La pili ni kutozikata. Uzi mrefu hauingii kwenye seli. Zimua hadi mg 0.1 kwa mililita, piga kwa ncha ya soniketa, mipigo ya sekunde 1 kama 60, ukipumzika katikati ili kichupa kisipate moto, na uthibitishe kwa hadubini ya elektroni kwamba vipande vingi ni nm 50 au chini. Weka µg 1 hadi 5 kwa mililita kwenye nyuroni za siku 5 hadi 7, subiri siku 10 hadi 14, tafuta fosfo-serini 129, alama ya alfa-sinukleini iliyojikusanya. Protini ya panya hupanda mbegu vizuri zaidi kwenye nyuroni za panya kuliko ya binadamu. Kingamwili ya 81A, inayotumika kuitambua alama hiyo, hushika pia nyurofilamenti yenye fosfati, kwa hiyo awe na kontroli ya nyuroni zisizo na jeni la SNCA (la alfa-sinukleini), au walau athibitishe kwa kingamwili nyingine.

Soniketa ifanyiwe ndani ya kabati lililofungwa, kwani matone yanayoruka yana mbegu zinazofanya kazi. Otoklevu haitoshi kuziua. Meza, ncha na sentrifuji vifutwe kwa SDS ya asilimia 1, ndipo maji, ndipo alkoholi. Akianza na alkoholi atazigandisha hapo kwenye chuma, na bachi yake ijayo ya monoma itapata mbegu bila kualikwa.